Juu ya Somo la Kwanza la Kompyuta Lifundishwalo Mtandaoni

Wako wataalamu wadhanio kwamba kulihamisha somo kubwa la chuo kikuu kutoka ukumbini hadi mtandaoni ni kazi ya mafundi tu: kamera iwekwe mahali pake, sauti isafishwe, mihadhara ikatwe vipande vya dakika kumi kumi, na majaribio yasahihishwe na mashine. Hayo yakitimia, husemwa kuwa somo limehama. Dhana hiyo ndiyo tukusudiayo kuihakiki katika kurasa hizi, na twaihakiki katika jarida la lugha kwa sababu twaona kuwa kasoro yake ni ya lugha kwanza, kisha ndipo iwe ya ufundi.

Mfano wetu mkuu ni somo la CS106A la Chuo Kikuu cha Stanford, nchini Marekani, ambalo ni utangulizi wa kutunga programu za kompyuta, lihudhuriwalo na mamia ya wanafunzi, wengi wao wasiokuwa na nia ya kuwa wataalamu wa fani hiyo. Mwaka 2020 nusu ya somo hilo ilitengenezwa upya, ikatolewa bure mtandaoni kwa watu wa nchi nyingi kwa jina la Code in Place. Lakini haiwezekani kuipima kazi hiyo bila ya kutaja kwanza mambo mawili yaliyoitangulia.

La kwanza lilitokea Stanford vilevile, mwaka 2011, pale Sebastian Thrun na Peter Norvig walipoufungulia ulimwengu somo lao la utangulizi wa akili bandia. Watu wapatao 160,000 walijiandikisha, na zaidi ya 20,000 wakalimaliza. Hesabu hizo zilitangazwa sana. Iliyotangazwa kidogo ni hesabu ya ukumbini: katika wanafunzi wapatao 200 waliokuwa wakihudhuria, walibaki kiasi cha 30, kwa kuwa wengine waliona bora kuutazama mhadhara vyumbani mwao. Wako waliosikitika kwa jambo hilo. Sisi twaliona kuwa ni ushahidi mkubwa, tena uliotolewa na wale waliolipa ada kubwa ili wakae mbele ya mwalimu: walipopewa hiari, walisema kwa miguu yao kwamba mhadhara hauhitaji ukumbi.

La pili ni somo la CS50 la Chuo Kikuu cha Harvard, lifundishwalo na David Malan, ambalo lilipelekwa mtandaoni mwaka 2012. Mihadhara ya somo hili hutolewa katika ukumbi wa Sanders, ambao kwa hakika ni jumba la michezo ya kuigiza, na mwenye kuitoa huijua kazi ya jukwaa. Anapotaka kuonyesha jinsi jina moja litafutwavyo upesi miongoni mwa maelfu, hushika kitabu cha simu, akakichana katikati, akaitupa nusu isiyofaa, akaichana tena iliyobaki, na kuendelea hivyo mpaka ukurasa mmoja. Aliyeliona tendo hilo halisahau, awe amelitazama ukumbini au kwenye simu iliyopasuka kioo. Mwaka ule wa kwanza waliojiandikisha walizidi 100,000, na waliopata cheti hawakufika mmoja katika kila mia. Si haki kulitumia jambo hilo kama rungu, kwani wengi wa waliojiandikisha walikuja kuchungulia tu, na mtu aweza kujifunza mengi asitake cheti. Hata hivyo swali labaki: maadam mhadhara ulisafiri salama, ni kitu gani ambacho hakikusafiri?

Twadhani kisichosafiri ni jibu. Kutunga programu si kama kusoma historia, ambapo msomaji aweza kuelewa vibaya kwa muhula mzima asijue. Mwanafunzi wa programu hukosea kila saa, na hujua papo hapo kwamba amekosea, ila hajui amekosea nini. Tutoe mfano mmoja, kwa kuwa tutaurudia. Katika siku za mwanzo za CS106A, mwanafunzi hupewa roboti wa kuchorwa aitwaye Karel, ambaye aliundwa na Richard Pattis na kuelezwa katika kitabu chake cha mwaka 1981, naye alipewa jina la Karel Čapek, mwandishi wa Kicheki ambaye tamthilia yake iliupa ulimwengu neno "roboti". Karel hutembea juu ya njia zilizochorwa kama miraba, na huweza kuweka alama penye njia panda. Basi mwanafunzi aambiwa: mwamuru Karel aweke alama katika kila njia panda ya mstari mmoja wenye njia panda 5. Huandika kwamba, muda wote njia iliyo mbele ni wazi, Karel aweke alama na asogee. Huiendesha programu, na Karel huweka alama 4. Njia panda ya mwisho yabaki tupu.

Programu ya kusahihisha yaweza kumwambia mwanafunzi huyo kwamba kazi yake si sahihi, na kumwonyesha picha mbili, ile iliyotakiwa na ile aliyoitoa. Yote hayo ni kweli, wala hayamsaidii. Alikuwa akijua. Asichokijua ni kwamba Karel akifika mwisho hukuta ukuta mbele yake, sharti la kuendelea likavunjika, naye hana ruhusa tena ya kuweka alama pale aliposimama. Mtu aliyeketi kando yake angemwuliza: Karel sasa yuko wapi? Mbele yake pana nini? Umemwambia nini kuhusu hali hiyo? Mara nyingi, kabla ya swali la tatu, mwanafunzi hupiga kelele kwamba ameona.

Watu wa Stanford walilijua jambo hili zamani. Tangu miaka ya 1980 somo lao la utangulizi limetegemea viongozi wa vikundi, ambao ni wanafunzi wa shahada ya kwanza waliokwisha kulipita somo lenyewe. Kila kiongozi hukutana na kikundi chake kidogo mara moja kwa juma, na husahihisha kazi kwa mazungumzo, akiisoma programu pamoja na aliyeitunga. Msomaji aliyelelewa katika chuo cha Kurani hataushangaa utaratibu huu. Yeye pia alifundishwa alifu kwa mkono wa mwanafunzi mkubwa aliyekwisha kupita hapo, wakati mwalimu akiwasikiliza wengine, na jibu la mkubwa yule lilifaa kwa sababu kosa lenyewe alikuwa amelifanya juzi tu.

Kwa hiyo, Uviko-19 ulipovifunga vyuo mwaka 2020, Chris Piech na Mehran Sahami walikuwa na jambo la kuchagua. Wangeweza kurekodi mihadhara yote, kuiweka mahali, na kuwaita watu laki moja. Badala yake walilipunguza somo hadi nusu, yaani majuma 5, wakatangaza kwamba wanatafuta watu wa kujitolea kuongoza vikundi, na wakapokea wanafunzi kwa kadiri ya viongozi waliopatikana. Wanafunzi walizidi 10,000 na viongozi 900, yaani kila kiongozi alipata kama watu 11. Huu ndio usanifu tuusifuo. Waliokata walikata katika mhadhara, wala hawakugusa kikundi. Na idadi ya waliofundishwa ilitokana na idadi ya waliokuwa tayari kujibu. Wengi hufanya kinyume chake.

Sifa hiyo tuitoe kwa kiasi. Wanafunzi wale walichaguliwa miongoni mwa waombaji waliokuwa wengi kuliko nafasi, hivyo mtu asilinganishe uvumilivu wao na wa yule aliyejiandikisha CS50 usiku mmoja kwa kubonyeza mara moja. Tena mwaka 2020 ulikuwa mwaka wa watu kufungiwa majumbani, wakitafuta la kufanya. Chuo kisichokuwa na jina la Stanford kikiita watu 900 waje wafanye kazi bila ya malipo, hatuna hakika kama ukumbi utajaa. Kujitolea ni jambo jema lakini si mshahara, na somo linalorudiwa kila mwaka lataka watu wanaolipwa. Hata hivyo Code in Place ilirudi mwaka 2021, na baadaye tena, kwa hiyo wale waliosema ni moto wa mabua walikosea.

Hapa hatuna budi kukabili pingamizi kubwa kuliko zote. Mwaka huo wa 2021 somo hilo lilijaribu mashine iliyofundishwa kwa mitihani ya zamani ya Stanford, ile iliyokwisha kusahihishwa na walimu, nayo ikapewa kazi ya kuandika maoni juu ya majibu ya wanafunzi, ambayo yalikuwa kiasi cha 16,000. Wanafunzi walikubaliana na maoni ya mashine kwa asilimia 97.9, na maoni ya walimu kwa asilimia 96.7. Mwenye kusema kuwa binadamu hana mbadala na azitazame namba hizo kwanza. Lakini azitazame vizuri. Alichoulizwa mwanafunzi ni kama anakubaliana na maoni. Mtu aweza kukubali kabisa kwamba mstari wake wa tatu una kosa, na bado asijue ni mawazo gani yaliyomfanya auandike hivyo, naye ataurudia mstari huo katika programu ijayo kwa sura nyingine. Mashine ilishinda katika kusahihisha kazi. Mashindano ya kumsahihisha mtu hayakuwekwa.

Mwaka 2023 yalifuata majaribio mengine. Baadhi ya wanafunzi wa Code in Place, katika jumla ya karibu 6,000 kutoka nchi 146, walipewa nafasi ya kuzungumza na mashine ya lugha, na wengine hawakupewa. Kwa wastani, waliopewa walijitokeza kufanya mtihani kwa kiwango kidogo kuliko wasiopewa. Lakini kwa wanafunzi wa nchi zenye maendeleo ya chini hali iligeuka: waliopewa mashine walijitokeza zaidi. Jambo hili halitushangazi. Aliye na ndugu, rafiki na mwalimu wa kumwuliza huiona mashine kuwa kikwazo kati yake na watu. Asiyekuwa na hata mmoja huiona kuwa mtu. Walakini lauliza swali linalotuhusu sisi wa jarida hili moja kwa moja. Jibu hilo, litoke kwa kijana wa Stanford au kwa mashine, huja kwa lugha gani, na lugha hiyo humfanyia nini mwanafunzi?

Turudi kwa Karel, kwa kuwa yeye ni mfano safi wa lugha. Ana maneno machache mno. Hujua kusogea, kuokota alama, kuiweka, na kugeuka kushoto. Hajui kugeuka kulia. Mwanafunzi atakaye kumgeuza kulia hulazimika kumfundisha neno jipya, akilieleza kwamba maana yake ni kugeuka kushoto mara tatu. Waliomuunda walifanya hivyo kwa makusudi, ili mwanafunzi atambue siku ya kwanza kwamba kutunga programu ni kuunda msamiati. Na neno hilo jipya si lazima liwe la Kiingereza. Katika lugha ya Python, itumiwayo na Code in Place, maneno ya msingi yamefungwa, lakini majina ayaundayo mtunzi ni yake, naye aweza kuandika geuka_kulia bila ya kompyuta kununa. Hapo Kiswahili kimeingia bila ya kamati.

Shida imo katika yale maneno yaliyofungwa, na hasa viunganishi. Katika miaka ya 1980 Jeffrey Bonar na Elliot Soloway waliyachunguza makosa ya Wamarekani wanaoanza kutunga programu, wakaona kuwa mengi hutokana na Kiingereza chao wenyewe. Neno "while", katika mazungumzo ya kila siku, humaanisha kuwa hali fulani inaangaliwa muda wote, na tendo hukoma mara tu hali ikibadilika. Kompyuta haifanyi hivyo. Yenyewe huuliza mara moja mwanzoni mwa kila mzunguko, hufanya yote iliyoamriwa, kisha ndipo huuliza tena. Basi mwenye lugha yake hupotoshwa na lugha yake. Jambo hili lawafaa sana wale wasemao kuwa mwanafunzi wetu akijua Kiingereza vizuri matatizo yake yataisha.

Je, kiongozi wa kikundi akitaka kumweleza mwanafunzi wa Tanga au wa Lubumbashi kwa Kiswahili, atamwambia nini? Kwanza atashika -ki-, kwa sababu ndiyo iliyo karibu: "Njia ikiwa wazi, songa." Kila mwanasarufi ajua kuwa kiambishi hiki chabeba sharti na wakati kwa pamoja. "Akija, mwambie" yaweza kuwa ni kumwambia endapo atakuja, au ni kumwambia pindi atakapokuja. Tena kikitumika katika amri huwa ni kanuni ya kudumu: mtumishi aliyeambiwa "mvua ikinyesha, funga madirisha" hafungi leo tu akadhani amemaliza. Sasa Python hutenganisha kwa ukali sana amri ya kutazama mara moja, ambayo neno lake ni "if", na amri ya kutazama tena na tena, ambayo ni "while". Katika -ki- yetu hizo mbili hulala kitanda kimoja. Mwanafunzi aliyefasiriwa "if" kwa -ki- ana haki kamili ya kungoja Karel aendelee kusogea mpaka ukutani, na akimwona amesogea hatua moja akasimama, atadhani mashine imeharibika.

Kiongozi aliyekwisha kuliona hilo atakimbilia "maadamu", neno lenye heshima, ambalo asili yake ya Kiarabu ni kudumu kwa hali. Lakini matumizi yamelisogeza. "Maadamu umefika, keti ule" haimaanishi ule muda wote uwapo hapa. Yamaanisha kwamba, kwa kuwa umefika, ule. Hivyo "maadamu njia i wazi, songa" huweza kusikika kuwa ni sababu ya kusogea mara moja. Sisi wenyewe hapo juu tumelitumia neno hilo kwa maana hiyo ya sababu, na msomaji hakusimama. Kosa limehama kutoka upande mmoja hadi wa pili.

Lipo pia "mpaka": "songa mpaka ukute ukuta." Hili ni Kiswahili safi, na twadhani ndilo ambalo mtu angemwambia mtoto. Ila limeligeuza sharti, kwani mwanafunzi amefikiri juu ya ukuta, na programu yataka afikiri juu ya uwazi; tena lamwachia Karel apige hatua ya kwanza kabla ya kutazama. Akianzia uso kwa uso na ukuta ataugonga, na programu itakufa hapo hapo.

Hatulitaji hili ili kusema kuwa Kiswahili hakifai kwa kazi hii. Kiingereza, kama tulivyoona, kina mtego wake mahali pale pale. Twataka kuonyesha kazi ilipo. Juhudi zetu katika istilahi za kompyuta, tangu mabishano ya kompyuta na tarakilishi hadi yale ya tovuti na wavuti, zimekuwa juu ya majina ya vitu. Kazi iliyofanywa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ya kuzitia programu za ofisi katika Kiswahili, ambayo mwaka 2004 ilizaa Jambo OpenOffice, nayo kwa sehemu kubwa ilikuwa kazi ya majina na amri za juu ya kioo. Ilikuwa kazi njema. Lakini mwanafunzi wa somo la kwanza hajikwai juu ya jina la kipanya. Hujikwaa juu ya ikiwa, maadamu, mpaka na kila, maneno ambayo hayajapata kuitishiwa kikao kwa sababu kila mtu adhani anayajua.

Kwa hiyo, ikiwa chuo chetu chochote kitakusudia kulipeleka somo la namna hii mtandaoni kwa Kiswahili, ushauri wetu ni kwamba fedha za kwanza zisiende katika kamera. Mhadhara mmoja mzuri wa kuchana kitabu cha simu upo tayari, nao waweza kutiwa sauti nyingine. Fedha ziende kwa viongozi wa vikundi, na viongozi hao wakae siku kadhaa na wanasarufi juu ya amri zisizozidi kumi. Kwa upande wetu twapendekeza kwamba "if" ielezwe kwa "endapo" pamoja na kutaja wakati: "Endapo sasa hivi njia ni wazi, songa hatua moja." Na "while" isitafutiwe neno moja hata kidogo, bali isemwe kwa mzunguko wake: "Tazama. Njia ni wazi? Kama ndiyo, songa hatua moja, kisha rudi utazame tena. Kama sivyo, toka." Ni ndefu, na wako watakaosema si istilahi. Lakini mwanafunzi wetu wa alama 4 akiisoma maagizo yake kwa sauti kwa namna hiyo, akifika njia panda ya tano atajisikia mwenyewe akisema "toka" kabla hajaweka alama.